Sasa turudi kwenye kazi

Kuna kauli imenikaa rohoni tangu Jumanne, na naona haitatoka mpaka niiandike.

Fundi mnamfahamu. Nimemtaja humu mara nyingi, yule kaka wa upande wa seva ambaye mfumo ukizimika usiku ndiye wa kwanza kupigiwa simu na wa mwisho kurudi kulala. Ni mtu mwema, na hilo nalisema mapema ili asije mtu akadhani namsengenya. Jumanne kwenye kikao nilionyesha nyaraka mpya. Zile zile mlizonisikia nikizililia tangu mwanzo wa mwaka. Kurasa zote za programu yetu, kuanzia kusakinisha hadi kuzima, sasa zinafuata kiolezo kimoja, yaani vichwa vile vile na namna ile ile ya kuandika. Nilipomaliza, Fundi aliinua macho kutoka kwenye kompyuta yake, akatabasamu, akasema, "Dada, imependeza kweli kweli. Haya, sasa turudi kwenye kazi."

Watu wakacheka kidogo, bila ubaya wowote. Mimi nikasema asante. Kikao kikaendelea.

Wiki yenyewe ilikuwa na makubwa yake: toleo la pili limetoka, mkuu wetu ametangaza kwamba anaondoka mwisho wa mwezi, na binamu yetu amejifungua salama, mtoto wa kike. Lakini mimi nikiosha vyombo nasikia "haya, sasa turudi kwenye kazi". Nikifunga mlango naisikia. Nimeigeuza kila upande. Labda ile "haya" ilikuwa ya haraka tu, maana muda wa kikao ulikuwa umekwisha. Labda alikuwa na lake kichwani, toleo lilikuwa linatoka kesho yake. Baba watoto nilipomsimulia aliniuliza, "Mama, si amekusifu lakini?" Amenisifu, ndiyo. Na hapo ndipo panapouma. Mtu akikukosoa unajua pa kumjibu. Fundi alinisifu kama mgeni anavyosifu mapazia, akageuka kuongea na wenye nyumba.

Basi niyaseme hapa ambayo kikao hakikunipa nafasi ya kuyasema.

Chukueni ukurasa wa kurejesha hifadhidata kutoka kwenye nakala. Kabla ya kiolezo, ukurasa ule ulikuwa umepita mikononi mwa watu kadhaa, kila mmoja na mkono wake. Mmoja alianza kila amri kwa alama ya dola ($), kama inavyoonekana kwenye dirisha la amri. Mwingine alianza kwa alama ya reli (#), kwa sababu dirisha huonyesha hivyo ukiwa umeingia kama msimamizi mkuu. Mwingine hakuweka kitu. Ukimuuliza yeyote kati yao, alikuwa na sababu yake na sababu ilikuwa nzuri.

Sasa mpeni ukurasa huo mtu aliyeamshwa saa tisa usiku. Ananakili mstari wenye dola, anaubandika, anaambiwa amri hiyo haipo. Hilo linapiga kelele, atalishughulikia. Kisha ananakili mstari wenye reli. Hapo ndipo ninapoogopa mimi. Kwa Bash, ile programu inayopokea amri kwenye dirisha hilo, mstari unaoanza na reli ni maelezo ya pembeni, unarukwa. Hapatokei kosa wala onyo. Hapafanyiki kitu chochote. Dirisha linarudi kumsubiri kama kawaida, naye akiona kimya anaamini hatua imekamilika, anaingia hatua inayofuata. Kama iliyorukwa ilikuwa ya kusimamisha huduma kabla ya kurejesha data, anarejesha data juu ya mfumo ambao bado unaandika. Mjue kwamba kila amri kwenye ukurasa ule ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni makubaliano ya jinsi ya kuiandika.

Na zile nafasi za kujaza. Ukurasa mmoja uliandika JINA_LAKO kwa herufi kubwa, mwingine ukaandika jina ndani ya mabano ya pembe, yale ya ndogo-kuliko na kubwa-kuliko. Mtu akibandika mabano yale bila kuyaondoa, Bash haioni nafasi ya kujaza. Inaona agizo la kusoma kutoka kwenye faili moja na kuandika kwenye jingine. Ujumbe wa kosa unaotokea hapo hauna uhusiano wowote na tatizo lenyewe, na mtu anaweza kukesha akitafuta hitilafu ambayo haipo.

Kuna jingine ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu linagusa moja kwa moja lile neno lake la kupendeza. Programu nyingi za kuandikia zikiona vistari viwili vimefuatana zinaviunganisha kuwa kistari kimoja kirefu, na alama za kunukuu zilizonyooka zinazipinda. Kwa macho ukurasa unavutia zaidi. Lakini amri iliyokuwa na vistari viwili haifanyi kazi tena, na mpokeaji hawezi kuona tofauti hata aukodolee macho namna gani. Tulikuwa na kurasa za namna hiyo. Nimezipitia moja moja nikirudisha vistari viwili viwili. Kwa hiyo Fundi, kaka yangu, mapambo ndiyo niliyokuwa nayaondoa.

Namba za hatua nazo. Tunaandika kwa Markdown, namna ya kupanga maandishi kwa alama chache za kawaida, ile aliyoitoa John Gruber mwaka 2004, na maelezo yake ya mwanzo yaliacha mianya mingi kiasi kwamba kila programu ya kuisoma iliamua mambo kivyake, hadi watu wakakaa mwaka 2014 kuandika CommonMark ili angalau pawe na kauli moja. Sisi tulikuwa ndani ya mianya hiyo. Ukiandika hatua zako zote kwa namba 1 ukitegemea programu ihesabu yenyewe, halafu ukaweka kisanduku cha msimbo kati ya hatua mbili bila kukisogeza ndani, orodha inakatika na hesabu inaanza upya. Tulipokea barua ya mtumiaji mmoja: "Nimekwama hatua ya 1." Ukurasa ule ulikuwa na hatua ya 1 tatu. Msaidizi wa wateja alimjibu kwa adabu kuhusu hatua ya 1 ambayo siyo, mtumiaji naye akajibu kwa adabu, na asubuhi yote ikaisha hivyo. Hakuna aliyekuwa mzembe kati yao. Waliponzwa na nafasi tupu mwanzoni mwa mstari.

Tarehe sizielezi sana. Zote sasa zinaanza na mwaka, kama kiwango cha ISO 8601 kinavyotaka tangu 1988, kwa sababu 03/04 kwa Mmarekani ni Machi na kwa Mwingereza ni Aprili, na sisi tuna watumiaji wa pande zote mbili. Neno "lazima" nalo tumelifunga kwenye maana moja, kwa mfano wa RFC 2119, hati ya mwaka 1997 iliyowapangia waandishi wa viwango vya intaneti lipi ni la lazima, lipi linapendekezwa na lipi ni la hiari. Kwenye kurasa zetu ukiona "lazima", usipofanya kitu kitavunjika. Zamani lilitumika hata kwa mambo ya kuchagua tu, na watu wakazoea kulipuuza.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba Fundi mwenyewe anaishi ndani ya kazi ya aina hii kila siku. Nimekaa karibu naye, nimemwona. Akitaka kukumbuka kitu kuhusu amri fulani anaandika man, amri ya kufungua mwongozo, anabonyeza mkwaju (/), anatafuta neno, anaruka moja kwa moja hadi mahali anapopataka, anafunga. Hasomi. Hahitaji kusoma, kwa sababu anajua kila kitu kimekaa wapi kabla hajafungua. Mpangilio ule haukuota wenyewe. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipotoa mwongozo wa kwanza wa Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, mnamo Novemba 1971, kurasa zake zilikwenda kwa vichwa vile vile kwa mpangilio ule ule: jina, namna ya kuitumia, maelezo, faili zinazohusika, kurasa za kuangalia zaidi, na mahali maalumu pa hitilafu zinazojulikana. Waliandika hadharani kasoro za kazi yao wenyewe, na wakaziweka mahali ambapo kila mtu atazikuta. Zaidi ya miaka 50 baadaye Fundi anaruka hadi anapopataka kwa sababu kuna mtu alikubali kufuata utaratibu ukurasa baada ya ukurasa, hata pale ambapo kuandika vingine kungekuwa rahisi. Hiyo ilikuwa kazi. Kama ile ilikuwa kazi, na hii yangu ni kazi.

Nilikuwa nimeyapanga yote hayo, mpaka pa kuvuta pumzi nilipajua. Nilitaka kumwandikia Alhamisi baada ya saa za kazi.

Alhamisi hiyo hiyo, kabla sijafungua ujumbe mpya, likaingia ombi la mabadiliko kutoka kwake. Ukurasa mpya, kuhusu kubadilisha vyeti vya usalama vya seva kabla havijaisha muda. Kazi hii amekuwa akiifanya peke yake, kwa kichwa, tangu nilipomfahamu. Wengi tumemwomba aiandike na siku zote jibu lilikuwa "nitaiandika". Sasa ameiandika, kwa vichwa vya kiolezo chetu. Kusudi. Kabla ya kuanza. Hatua. Kuhakiki. Kurudi nyuma. Hitilafu zinazojulikana. Amri zote bila dola wala reli, na matokeo kwenye kisanduku chake tofauti. Kila sentensi iko kwenye mstari wake, kama Brian Kernighan alivyowashauri wanaoanza Unix mwaka 1974, na kwetu inasaidia hivi: mtu akibadilisha sentensi moja, Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko, inaonyesha sentensi hiyo tu na si aya nzima. Hilo la mistari nililiandika kwenye mwongozo wetu chini kabisa, mahali ambapo sikutegemea mtu afike. Amefika.

Chini ya ombi aliacha ujumbe: "Dada, nisaidie hapa. Cheti kipya kikikataliwa baada ya hatua ya mwisho, hilo niliweke Kurudi nyuma au Hitilafu zinazojulikana? Sitaki mtu alitafute."

Niliusoma, nikausoma tena. Sitaki mtu alitafute. Mimi kwenye kikao nilitumia picha na mifano na dakika zote nilizopewa, na sikuwahi kulisema kwa ufupi namna hiyo.

Nikamjibu kwamba kama msomaji ana jambo la kufanya, likae Kurudi nyuma. Kama ni la kujua tu ili asishtuke, likae Hitilafu. Akakataa. Akasema mtu aliyeona cheti kimekataliwa hajui bado kama anataka kurudi nyuma, anajua tu kwamba ameona kosa, na atakwenda palipoandikwa hitilafu. Nikamwambia basi liandikwe kwenye Hitilafu kwa maneno yale yale yanayotokea kwenye skrini, neno kwa neno, na hapo hapo pawe na kiungo cha kumpeleka Kurudi nyuma. Akakubali hilo, akapinga mahali pa kiungo. Tuliendelea hivyo kwa muda mrefu, yeye akiwa nyumbani kwake na mimi kwangu, watu wazima wawili wakibishania aya moja ikae wapi, na sikumbuki lini mara ya mwisho mazungumzo ya kazini yalinifurahisha kiasi kile. Mwisho alishinda yeye. Kiungo kimekaa mwanzoni mwa aya, kwa hoja kwamba mwenye haraka hafiki mwishoni.

Ya Jumanne hakuyagusa, nami sikuyagusa. Sidhani hata anayakumbuka. Sitasema kwamba kauli ile imenitoka kabisa, maana leo asubuhi imepita tena kichwani nikivaa viatu. Lakini ule ujumbe niliotaka kumwandikia nimeufuta. Ukurasa wake nimeupitisha, na kitu pekee nilichogusa ni nukta moja iliyokosekana kwenye kichwa cha jedwali. Jumatatu nataka kumwomba aje tuangalie pamoja ukurasa wa kurejesha hifadhidata, kwa kuwa nahisi sehemu ya Kuhakiki bado inamtaka msomaji ajue mambo ambayo hatujamwambia, na yeye ndiye atakayeuona upungufu huo haraka kuliko mimi.

Jingine. Mama alipiga simu jana usiku. Wale mliofuata habari za jicho lake mnajua kwamba la kulia lilifanyiwa upasuaji na likapona vizuri, na daktari alitaka la kushoto lisichelewe. Nilipomuuliza amepangiwa lini, alisema "tutaona mwanangu, wala halinisumbui", kisha akaanza kuulizia wanangu mmoja mmoja, kwa ile sauti yake ya kuchangamka kupita kiasi. Kaka anasema yeye hajaambiwa kitu. Dada hapokei simu tangu mchana. Kesho asubuhi na mapema nampigia tena, tujue tarehe ipo au haipo, na kama ipo nani anampeleka Mama.