Nilivyotenganisha tovuti za kutiwa giza na tovuti za michoro

Nafundisha kemia katika shule ya sekondari mjini Mbale, na masomo yangu huyaandaa usiku, watoto wakiwa wamelala chumba hichohicho. Nilihitaji kurasa za maandishi ziwe nyeusi ili mwanga usiwaamshe, lakini zile zenye michoro ya molekuli zibaki nyeupe.

Fundi niliyemwendea alifungua ukurasa wa majaribio wa kivinjari cha Chrome, chrome://flags, akawasha swichi ya kulazimisha giza, akapokea malipo yake na kunihakikishia kwamba kazi imekwisha. Swichi ile haibagui tovuti. Usiku huohuo nilifungua somo la benzini, na ile pembesita yake, iliyochorwa kwa mistari myeusi kwenye picha isiyo na usuli, ikamezwa na weusi wa ukurasa hata zikabaki herufi za maelezo tu, zikielea bila mchoro wa kuuelezea. Kila nilipotaka kuuona mchoro, ilinilazimu nirudi kwenye ukurasa wa majaribio, nizime swichi, kisha nianzishe kivinjari upya. Mtu anayesoma vitu vya aina mbili kwa wakati mmoja hapaswi kupewa ushauri wa namna hiyo.

Kilichonifaa ni kiendelezi, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari, kiitwacho Dark Reader, kinachozitia kurasa giza, ambacho kwenye Chrome na Firefox hakilipiwi. Gharama yangu ilikuwa bando dogo tu. Ukiwa ndani ya tovuti, bofya alama yake na utaona jina la tovuti hiyo: ukilibofya, tovuti hiyo pekee hurudi kwenye rangi zake, na kiendelezi huikumbuka hata siku nyingine. Nami hupenda zaidi njia ya vidole: Alt, Shift na A kwa pamoja, na pembesita huonekana papo hapo, bila kuanzisha chochote upya. Kama tovuti unazotaka ziwe nyeusi ni chache, geuza mpangilio wa orodha ya tovuti ndani ya kiendelezi ili zilizoorodheshwa pekee ndizo zitiwe giza.

Kwenye simu ya Android nilikiweka kiendelezi hichohicho ndani ya Firefox. Wikipedia nimeitoa kabisa mikononi mwake, kwa sababu tangu 2024 ina mandhari yake meusi, na waliyoyatengeneza wenyewe huonyesha milinganyo vizuri zaidi.