Kidole cha mwisho cha Bibi

Jumapili, saa nne usiku. Leo alfajiri nimempandisha Bibi basi la Newala. Alikuja Mtwara kuangaliwa macho, akakaa siku nne, na siku mbili kati ya hizo tulizimalizia chini ya mwavuli wa wakala wa simu. Tangu basi liondoke nimeshindwa kufungua hata simu moja ya mteja. Nina meza ya ufundi simu pale Chikongola, mwaka wa tisa sasa, na watu wa mtaani wanajua nikianza kuzungumzia chipu na betri sinyamazi. Hili la Bibi limenikaa kifuani, na afadhali niliandike kabla sijalala.

Kitochi chake kilidondoka kwenye gari siku aliyotoka kijijini. Simu yenyewe hakuililia, ni laini iliyomuuma. Namba ile anayo miaka mingi. Wanawe walioko Dar wanaijua, karani wa chama cha msingi cha ushirika anayo kwenye daftari, na ujumbe wa malipo ya korosho huingilia humo humo.

Ili kurudisha laini, wakala alitaka vitu viwili: namba ya kitambulisho cha taifa na kidole. Namba Bibi anayo. Zile tarakimu 20 zimeandikwa kwenye kikaratasi alichokifunga kwenye pindo la khanga, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwake inasomeka tarehe 1 Julai, kwa sababu karani alimuuliza amezaliwa lini, Bibi akasema wakati wa kupalilia, mwaka fulani wa njaa, na wakakubaliana hivyo.

Tatizo likawa kidole. Wakala, kijana mpole sana, akamsogezea kile kimashine kidogo kilichounganishwa na kishikwambi. Gumba la kulia: taa nyekundu. Cha shahada: nyekundu. "Futa kidogo, bibi." Bibi akafuta kwenye khanga. Nyekundu. "Bonyeza kwa nguvu, bibi yangu." Akabonyeza mpaka ukucha ukawa mweupe. Nyuma yetu foleni ilikuwa inarefuka. Mama mmoja akaguna, na Bibi akaanza kuomba radhi kwa watu asiowajua, kana kwamba amefanya kosa.

Nikaushika mkono wake nikaupeleka juani.

Nimeushika mkono huo tangu nikiwa mtoto, ila sikuwa nimewahi kuutazama kama fundi. Ncha za gumba, shahada na kidole cha kati zimekuwa laini na zinang'aa kama mbegu ya ukwaju. Michirizi ile ya ngozi, ambayo wewe na mimi tunayo bila kuifikiria, haipo. Kandokando ya kucha kuna weusi ambao sabuni haijawahi kuutoa. Bibi amebangua korosho tangu akiwa msichana. Unazikaanga kwenye bati lenye matundu, mafuta ya maganda yanashika moto yenyewe, unazimwagia mchanga, halafu unaketi na jiwe lako: mkono mmoja unashikilia, mwingine unagonga. Majivu unayojipaka yanasaidia kiasi tu. Mafuta ya ganda la korosho yana asidi inayounguza ngozi, na kemikali zake ni ndugu wa zile zilizomo kwenye utomvu wa embe, zinazowababua watoto midomo kila msimu. Korosho na embe ni jamii moja ya miti.

Kimashine kile kazi yake ni kupiga picha. Matuta ya ngozi yanagusa kioo, mabonde yaliyo katikati hayagusi, na tofauti hiyo ndiyo inayochora alama. Kisha programu inatafuta sehemu ambazo mstari unakatika au unagawanyika kuwa miwili, na inazilinganisha na zilizohifadhiwa kwenye kumbukumbu. Ngozi ikiwa kavu mno picha inafifia. Ikiwa imelika, hakuna cha kulinganisha. Ukijikata juu juu alama hurudi vilevile, maana mchoro wake umejengwa kwenye ngozi ya ndani. Ila kuungua na kusuguka kwa miaka hamsini ni jambo jingine.

Nikawaza: kidole kipi hakishiki korosho? Nikakaa pale juani nikajifanya nabangua, nikashika jiwe la hewani na korosho ya hewani, nikaona kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kinakaa pembeni muda wote. Siku hiyo mtandao ukakatika kabla hatujajaribu. Kesho yake tukarudi mapema. Nikamwomba Bibi ashike kitambaa chenye maji dakika mbili hivi, akaikausha mikono, wakala akachagua kidole kile. Taa ya kijani. Kijana yule alifurahi kuliko sisi.

Nasimulia yote haya kwa sababu haikuwa mara ya kwanza. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, ukapangwa kufungwa Desemba 31, kisha Rais Magufuli akaongeza siku ishirini mpaka Januari 20, 2020. Wakati ule nilikuwa huku Mtwara na sikujua. Bibi alikwenda mara tatu, akarudi mara tatu, laini ikazimwa. Mjukuu mwingine akamsajilia kwa jina lake mwenyewe, na kwa miezi kadhaa bibi yetu alizungumza na dunia akiwa na jina la kijana wa miaka kumi na tisa. Aliogopa sana. Aliniambia juzi kwamba kila akipigiwa na namba ngeni alidhani wamekuja kumkamata.

Usajili wenyewe naukubali, tena kwa moyo wote. Wateja wangu wangapi wametumiwa "ile hela tuma kwenye namba hii", wangapi wamepokea simu ya mtu anayejiita afisa? Laini isiyo na mwenyewe ni silaha. Nawafundisha wote wanaopita kwenye meza yangu kubonyeza *106# waone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao, na mara mbili tumekuta laini ambazo mwenye kitambulisho hakuzijua. Ninachokipinga ni mtu kujikuta mezani kwa wakala mbele ya mlango mmoja tu. India, walipojenga kitambulisho chao cha Aadhaar, walichukua vidole vyote kumi na mboni za macho yote mawili, na kwa nchi yenye wakulima wengi hivyo nadhani walifikiri vizuri. Sisi tuna mikoa mizima inayoishi kwa zao linalokula vidole. Kabla mashine hizi hazijanunuliwa, angepelekwa mtu mmoja Newala, mmoja Tandahimba, mmoja Ruangwa, akakaa na wanawake wanaobangua kwa asubuhi moja, tungejua mapema. Na hata bila mboni, mtendaji wa kijiji anamjua Bibi, na balozi wa nyumba kumi anamjua tangu hajazeeka. Ushahidi wao ungeandikwa kwenye kanuni kama njia halali, wala isiwe hisani ya wakala mwenye huruma.

Hapa hapa kwetu tunao mfano wa sayansi iliyoanza kwa kumtazama mkulima. Mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna karibu tani 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 zilikuwa zimeshuka hadi kama tani 16,500. Watu walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa na kuacha mashamba mbali, bei ilikuwa mbaya, na juu ya yote ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, ulikuwa unakausha maua. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, kilomita chache kutoka hapa mjini, walihangaika na ugonjwa huo mpaka upulizaji wa salfa ukawa kazi ya kawaida ya kila msimu, na wakazalisha miche bora. Salfa inapulizwa alfajiri, upepo umetulia na umande bado uko kwenye majani, ili unga ushike. Maelekezo hayo yanaendana na siku ya mkulima, maana alfajiri ndiyo saa yake ya kuwa shambani. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuka tani 313,000. Salfa siyo sababu pekee, bei nzuri nayo ilichangia, lakini bila dawa ile maua yangeendelea kukauka.

Mnada nao umeingia kwenye kompyuta. Tangu msimu wa 2024/25 korosho zinauzwa kupitia mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, wanunuzi wanaweka bei mtandaoni na wakulima wanaona matokeo mkutanoni. Mjomba wangu alikuwepo kwenye mmoja wa minada hiyo, akanieleza jinsi wazee walivyonyamaza bei zilipofunguka, halafu wakaanza kupiga hesabu kwa sauti. Naupenda mfumo huo. Zamani zabuni zilikuwa za bahasha.

Wasiwasi wangu ni waya. Mei 4, 2024 kimbunga Hidaya kilituingilia huku kusini, barabara ya Dar ikakatika kule Kilwa. Siku nane baadaye, Mei 12, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika, na intaneti ikazorota nchi nzima. Kwa hiyo ndani ya wiki mbili Mtwara tulikosa njia ya magari na njia ya taarifa. Nakumbuka nilikaa mezani na simu kumi na moja zilizohitaji programu mpya na hakuna iliyoshuka. Kimashine cha vidole nacho kikikosa mtandao ni kipande cha plastiki. Mfumo unaoamua malipo ya mtu au laini ya mtu ungetakiwa uweze kupokea kazi bila mtandao, uitunze, uitume mtandao ukirudi. Utaalamu huo upo na vijana wetu wanauweza.

Nilimwonyesha Bibi betri ya simu iliyovimba, nikamwambia ndani yake kuna grafaiti, madini meusi kama ya penseli, na kwa uzito ni mengi kuliko lithiamu yenyewe. Nikamwambia Ruangwa wanayachimba. Akaigeuzageuza, akauliza: "Na huko wanakochimba, mtandao unashika?" Sikuwa na jibu, nami nimekuwa nikiliuliza swali hilo jioni yote.

Amepiga saa kumi, amefika salama, kwa namba yake ile ile. Amewasimulia wenzake wa kubangua habari za kidole cha mwisho. Wanne kati yao hawana laini za majina yao. Wanakuja Jumatano na basi la asubuhi, na wameniomba niwatafutie wakala mwenye subira. Kesho nitaongea na yule kijana wa mwavuli, na nitabeba beseni la maji na taulo safi.