Siku Bahari Ilipoondoka

Tulipotangaza kwamba likizo ile tutawapeleka watoto baharini, karibu kila mtu alitushauri tusubiri kwanza. Mkubwa alikuwa na miaka 5. Mdogo alikuwa bado hajatimiza miaka 2, nepi hazijamtoka, na kutembea kwenyewe ndiyo kwanza alikuwa anakuzoea. Mama mkwe alisema, "Huyu mdogo hatakumbuka chochote. Mtajichosha bure." Alisema kwa upendo, huku amembeba huyohuyo mdogo mgongoni.

Kwa upande wa kumbukumbu alikuwa na haki. Ukiwauliza watu wazima jambo la kwanza kabisa wanalolikumbuka maishani mwao, wengi hurudi nyuma hadi umri wa miaka 3 au 4 hivi, wakaishia hapo. Ya kabla ya hapo yamefutika, hata yale yaliyokuwa makubwa kwao siku hiyo. Hilo mimi na baba watoto tulilijua, na bado tukafunga mabegi. Sijapata kukubaliana na hesabu inayosema furaha ya mtoto ni hasara eti kwa kuwa akikua hataikumbuka. Kila usiku tunambembeleza kwa wimbo, na hakuna anayetuambia tuache mpaka afikie umri wa kuukumbuka.

Safari yenyewe ilikuwa kama safari zote za gari na watoto. Mkubwa alitapika, mdogo hakutapika. Na ndivyo inavyokuwa mara nyingi: watoto walio chini ya miaka 2 ni nadra kupata kichefuchefu cha garini, kisha kati ya miaka 2 na 12 ndipo kinapowaandama hasa. Sikio la ndani linauambia ubongo kwamba mwili unakwenda, macho nayo yamekazia kitabu cha picha yanasema umetulia, na tumbo ndilo linalolipia huo ubishi. Tulisimama, akapigwa na upepo, tukakiweka kitabu kwenye begi, nikamwambia atazame mbali, kule barabara inakoishia. Tukaendelea.

Tulifika jioni, kama saa 10 na nusu, bahari ikiwa imejaa tele. Mawimbi yalikuwa yanapiga hatua chache tu kutoka uani kwa ile nyumba tuliyopanga. Watoto wote wawili walinyamaza. Mkubwa alishika suruali ya baba yake, akauliza kama yale maji yote ni ya kuchezea. Lakini jua lilikuwa limeanza kushuka, walikuwa wamechoka, na mmoja wao ananuka matapishi. Tukawaahidi kesho. Mkubwa aliingia kitandani na ndoo yake ya plastiki, na hakukubali kuiachia.

Usiku ulikuwa wa mwezi mpevu, chumba kimejaa mwanga, na mdogo akagoma kulala. Kitanda hakikuwa chake, harufu haikuwa ya kwetu, na nje kulikuwa na ngurumo isiyokoma. Nilijaribu kubeba, kuimba, kutembea naye, baba yake akapokea, akajaribu kubeba, kuimba na kutembea. Wapi! Nyumbani alikuwa na utaratibu wake ambao hauvunjwi: akishaogeshwa, anazungushwa kuviaga vitu vya chumbani kimoja kimoja. Anaaga mlango, anaaga taa, anaaga viatu, kisha anajilaza mwenyewe. Sisi wawili, kwa uchovu wa njiani, hilo halikutujia akilini kabisa. Aliyelikumbuka ni mkubwa. Alishuka kitandani na ndoo yake mkononi, akamshika mdogo wake mkono, akaanza kumtambulisha kwa chumba.

"Huu ndio mlango wetu wa leo. Sema kwaheri mlango."

"Taheli m'ango."

"Hili ni dirisha la hapa. Usiliogope, lina mwezi tu. Sema kwaheri dirisha."

Walizunguka hivyo hadi kwenye kabati, kiti, soketi ya ukutani, kandambili za baba. Mkubwa hakuwa na haraka. Penye kitu kisichokuwepo kwetu alisimama na kueleza, "Hii ni feni, inakaa juu, haishuki." Walipomaliza, mdogo alipanda kitandani kwa kaka yake badala ya kwetu, akaweka mguu wake juu ya tumbo lake, na haukupita muda akalala. Mimi na mume wangu tulibaki tumesimama katikati ya chumba kama wageni. Watu husema likizo ni kuyakimbia ya kila siku. Mwenye watoto wadogo hayakimbii, anayabeba, na usiku ule ni hayohayo ya kila siku yaliyotupa usingizi.

Asubuhi ndiyo ninayotaka kuisimulia hasa.

Tulichelewa kidogo, maana kuwatoa nje watoto wawili kuna hatua zake. Unampaka mmoja mafuta ya kukinga jua, mwingine anavua kofia. Unamvisha kofia, wa kwanza anataka kwenda chooni. Ilikuwa yapata saa 4 tulipolifungua geti la kuelekea ufukweni. Mkubwa alitangulia mbio, ndoo inagonga gotini, halafu akasimama ghafla.

Bahari haikuwepo.

Pale ilipokuwa jana kulikuwa na mchanga wenye mikunjo, mwani uliolala, mawe meusi na vidimbwi vinavyong'aa, ukiendelea hivyo mpaka macho yanachoka. Mbali kabisa, mstari mweupe mwembamba. Mkubwa alitugeukia, midomo inamcheza, akalia kilio cha mtu aliyeibiwa. "Nani kaichukua? Mlisema kesho! Leo ndiyo kesho!"

Baba yake alichuchumaa mbele yake na hakucheka, na hilo nampendea mpaka leo. Alichukua mpira wa mdogo akauweka mchangani, akaokota kijiwe. "Mpira ni dunia, hiki ni mwezi. Ule uliouona dirishani. Mwezi unayavuta maji ya bahari. Dunia ikijizungusha, mahali petu panapita penye maji mengi, halafu panapita penye maji machache. Haijaibwa. Itarudi jioni."

"Saa ngapi?"

"Jana tuliikuta imejaa saa 10 na nusu. Leo itachelewa kidogo, kama dakika 50, kwa sababu mwezi nao hausimami, unasogea mbele na dunia inabidi imfuate."

Mkubwa alifuta machozi kwa bega. Kwamba bahari ina saa yake, na kwamba saa hiyo inachelewa kila siku, ni jambo lililomwingia kuliko maneno yote ya kubembeleza ambayo ningempa mimi. Isitoshe, tulikuwa kwenye bamvua. Mwezi ukiwa mpevu, na vilevile ukiwa mwandamo, jua na mwezi vinapangana mstari mmoja na dunia na mvuto wao unajumlishwa, hivyo maji hujaa sana na kupwa sana. Kungekuwa na maji mafu wiki ile, tungekuta bahari imesogea tu kidogo, na wala mkubwa asingeshtuka.

Tukashuka kutembea juu ya sakafu ya bahari. Mdogo sikumvua viatu, maana mawe yalikuwa makali. Alikuwa anatembea kwa kuinua magoti juu kila hatua, kila kidimbwi anasimama, anachuchumaa, anasema "Maji," anainuka, anaenda kingine, anasema tena "Maji." Mwendo wa dakika tano kwa mtu mzima ulituchukua nusu ya asubuhi, na sikumharakisha. Kaka yake ndiye aliyemwona kaa wa kwanza, yule mdogo anayeishi ndani ya gamba la konokono aliyekwisha kufa. Gamba lilikuwa limetulia kama jiwe. Wakalala kifudifudi wote wawili, pua karibu ziguse maji, wakangoja. Kwanza ukatoka mguu mmoja mwembamba, ukagusa mchanga, ukarudi ndani. Kisha miguu miwili. Kisha macho, mawili yaliyosimama juu ya vijiti, na gamba zima likainuka likaanza kutembea. Mdogo alipiga yowe, gamba likadondoka, kaa akapotea ndani. Wakangoja upya. Nilimweleza mkubwa kwamba kaa huyu hana gamba lake la kuzaliwa nalo, hulitafuta, na akinenepa anahama kwenda kubwa zaidi. "Na la zamani?" akauliza. Nikamwambia mwenzake mdogo hulichukua. Alimtazama dada yake, aliyekuwa amevaa fulana iliyokuwa yake mwaka uliotangulia, akatikisa kichwa kwa kukubali.

Mzee mmoja alikuwa anarudi kutoka huko mbali na kapu begani. Mkubwa alimwamkia, "Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akanigeukia. "Mama, maji yatageuka sasa hivi. Na ya bamvua hayaji kwa mbele peke yake. Yanaanza kujaza mikondo iliyo nyuma yenu. Mkiona kile kijito kinatembea kuelekea nchi kavu, nanyi geukeni."

Nilitazama nyuma. Kati yetu na ufukwe kulikuwa na bonde dogo la mchanga tulilolivuka bila hata kuliona, maji yake yakiwa ya kifundo cha mguu. Nilimshukuru mzee wa watu, nikambeba mdogo, tukarudi muda uleule. Kila mzazi anayepeleka watoto mahali pa maji kupwa angestahili kukutana na mtu wa namna ile, anayekuambia bila kukutisha wala kukudharau.

Tulipofika mahali pa juu kidogo, baba yao akachomeka fimbo mchangani na kumwambia mkubwa kwamba hiyo ndiyo saa yao. Basi mchana ukagawanyika. Mdogo alihitaji usingizi wake, na usingizi wa mchana wa mtoto wa umri ule si wa kuchezewa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, ukijumlisha na za mchana, na asipozipata hakuna mwongozo utakaokuokoa jioni. Nilimlaza chini ya mti juu ya shuka, nikakaa naye. Kutoka pale niliwaona wale wawili wakienda na kurudi kwenye fimbo. Maji yalianza kwa kusitasita, robo nzima ya mchana hayakufanya jambo la kuonekana. Halafu katikati ya safari yake bahari ikakaza mwendo. Ndivyo ilivyo: taratibu mwanzoni, haraka katikati, taratibu tena inapokaribia kujaa. Mkubwa alikuja mbio kunipa taarifa, akinong'ona kwa ajili ya mdogo, "Mama, imefika kwenye fimbo. Imeimeza."

Mdogo aliamka kama saa 10, jua likiwa limepungua ukali. Nilimshusha kwenye ukingo wa maji, nikakaa nyuma yake, mikono yangu huku na huku bila kumgusa. Sikuwa naangalia kingine. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mikono, anazama kimya, na maji ya kina kifupi yanamtosha, ndiyo maana tulikuwa tumepatana kwamba kila mtoto ana mtu mzima wake, ndani ya urefu wa mkono.

Wimbi dogo lilikuja, likamfunika vidole, likaacha povu. Alilitazama povu. Wimbi la pili likaja, akachota povu kwa viganja vyote viwili, akalitia kwenye ndoo ya kaka yake, akainama kuangalia. Ndani ya ndoo hakukuwa na kitu. Aliingiza mkono akapapasa chini. Akaigeuza ndoo, akaangalia chini yake kwa nje. Kisha akanitazama usoni, si kwa huzuni, ila kwa mshangao mtupu, halafu akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, kinachotoka tumboni, akarudia tena. Povu, ndoo, kuangalia, kicheko. Alirudia mpaka bahari ilipojaa, na ilijaa baada ya saa 11 jioni, kama baba alivyosema. Mkubwa alikuwa ameshika saa ya baba yake akitangaza dakika kwa sauti.

Mdogo sasa yuko shule. Siku ile anaisimulia kwa uhakika wote, jinsi bahari ilivyokimbia naye akaiona ikikimbia, na kaka yake anamkatiza kila mara, "Wewe ulikuwa mtoto, hukuona." Wakinijia niamue, simwambii kwamba hakumbuki. Namsimulia ya povu, maana hayo kaka yake hakuyaona, alikuwa kwenye saa, na nisipoyasimulia mimi hakuna mwingine wa kumsimulia. Anayasikiliza kwa makini, anauliza ndoo ilikuwa ya rangi gani, nilikaa upande gani, alirudia mara ngapi. Juzi, tulipoanza kuzungumzia kurudi kulekule, akanipa mpango wake: safari hii ndoo itakuwa na mfuniko, na mkubwa ndiye atakayeangalia mwezi ili twende siku za bamvua.