Tulivyoacha kuambiana "umetisha" na kuanza kusahihishana picha

Ukikaa Moshi na una simu, utapiga picha ya Kilimanjaro, hakuna namna. Kibo kiko pale juu, mita 5,895, Mawenzi upande wa kulia, na asubuhi ambayo wingu limechelewa kupanda, mji mzima unasimama kuinua simu. Kwa hiyo picha za mlima tunazo kupita kiasi. Tulichokosa kwa muda mrefu ni mtu wa kutuambia picha ipi ina shida gani.

Kundi letu ni la watu wa kawaida: muuguzi, mwalimu wa jiografia, kijana wa bodaboda, mama mwenye duka la vifaa vya shule, na mimi mhasibu. Hakuna anayekula kwa picha. Tulikuwa tunarushiana picha kwa WhatsApp, na majibu yalikuwa yale yale: "Kali sana kaka." "Umetisha!" "Hongera dada, Mungu akuzidishie." Picha iliyopinda ilipata "kali". Picha ambayo mlima wenyewe hauonekani kwa ukungu nayo ilipata "kali", pamoja na makofi.

Sababu yake naielewa. Mtu akikuonyesha kazi ya mikono yake unaipokea kwa heshima, na kumwambia dada aliyekuzidi umri, tena mbele ya watu, kwamba mlima wake umelala upande ni kumvunjia adabu. Ila mtu anayesifiwa kila siku anapiga picha ile ile kila siku.

Aliyetutoa hapo ni mwalimu. Alisema tusiseme nzuri wala mbaya. Kila mtu aeleze jicho lake limeanzia wapi, likaelekea wapi, na limekwama wapi. Basi. Na mwenye picha anyamaze mpaka wote wamalize. Hili la kunyamaza ndilo gumu kuliko yote, maana mtu akionyeshwa kasoro huwa na hadithi tayari: nilikuwa nimechelewa, jua lilikuwa kali, kulikuwa na ng'ombe anapita. Mtazamaji hana habari na ng'ombe.

Utaratibu huu unafanya kazi kwa sababu hakuna wa kubishana nao. Nikikuambia picha yako mbaya, tutagombana. Nikikuambia jicho langu limekwenda kwenye ndoo ya bluu, utasema nini? Ni jicho langu. Na watatu wakitaja ndoo ile ile bila kusikilizana, utaitazama hiyo ndoo upya hata kama ulikuwa hujaiona. Ili tusiigane, tunaandika kwanza, halafu tunatuma kwa pamoja.

Picha iliyotufunza zaidi ni ya kijana wa bodaboda, aliyoipiga kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini. Majaruba yakijazwa maji kabla ya kupandikiza, asubuhi isiyo na upepo mlima unaonekana mara mbili, juu na ndani ya maji. Yeye aliona mlima na kivuli chake. Sisi wanne tuliona gunia. Lilikuwa gunia jeupe la salfeti, limetupwa kwenye tuta, kona ya chini kushoto. Kitu cheupe kikikaa kwenye kona yenye giza kinaita jicho, na hata likienda mlimani linarudi pale pale. "Jamani, mimi hilo gunia sikuliona kabisa," alisema zamu yake ilipofika. Bila shaka hakuliona. Alikuwa anatazama mlima.

Jambo la pili lilikuwa mstari wa upeo wa macho. Ulikaa katikati, ukaigawa picha nusu kwa nusu. Wengi tulishasikia ile kanuni ya theluthi, kwamba upeo usikae katikati. Muuguzi akaipinga: kwenye picha ya maji yanayorudisha mlima, katikati ndiyo mahali pake, kwa sababu usawa wa juu na chini ndio habari yenyewe. Nilikubaliana naye na bado nakubali. Kanuni ya theluthi ni nzuri kwa mtu ambaye hajajua picha yake inahusu nini.

La tatu halikuwa na dawa. Theluji ya Kibo ilikuwa imeungua: weupe mtupu, bila ufa, bila kivuli cha barafu. Watu wengi hudhani programu ya kuhariri inarudisha kila kitu. Picha ya kawaida ya simu, yaani JPEG, ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, na sehemu ikishafika ngazi ya mwisho hakuna kilichobaki ndani yake. Ukipunguza mwanga, weupe unageuka kijivu, kijivu kitupu. Giza linasameheka kidogo. Ukiliinua utapata kitu, ingawa kitakuja na chenga. Ndiyo maana sasa kila mmoja wetu anagusa theluji kwenye kioo cha simu, anashikilia kidole mpaka simu ifunge kipimo chake cha mwanga hapo, kisha anashusha mwanga kidogo kabla ya kupiga. Mashamba yanatoka meusi kuliko macho yanavyoyaona, lakini hayo utayainua baadaye nyumbani. Mwenye simu au kamera inayotoa RAW, yaani faili ghafi ambalo halijageuzwa kuwa JPEG, ana nafasi zaidi: RAW ya biti 12 ina ngazi 4,096, na unaihisi tofauti hiyo unapovuta vivuli.

Baada ya wiki kadhaa za macho na magunia tukagundua kwamba nusu ya ukosoaji wetu haukuhusu kuhariri hata kidogo, bali saa na mwezi wa kupiga. Hapo mwalimu wa jiografia alipata jukwaa lake. Sisi tuko kusini mwa mlima, tunaupiga tukitazama kaskazini. Januari jua liko kusini mwa ikweta, linachomoza upande wa nyuma yetu, kulia, na mwanga wake unaupiga uso wa mlima tunaouona. Juni jua liko kaskazini, linachomozea upande wa pili, uso wetu unabaki kivulini na rangi inakuwa bapa. Mimi nilikuwa nahariri picha za Juni nikizilazimisha zifanane na za Januari, na sikuwahi kufika.

Kitu kingine, ushauri mwingi wa kupiga mandhari tunaousoma umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani. Wanazungumzia saa ya dhahabu, yaani ule muda wa mwanga laini jua likiwa chini, kana kwamba ni saa kweli. Huku karibu na ikweta jua linapanda karibu wima. Dakika 25 hivi baada ya kuchomoza limeshapanda nyuzi sita, na ule mwanga laini unaanza kuondoka. Ukisema utakunywa chai kwanza, umekosa. Na ukisubiri hadi saa nne, mara nyingi mlima wenyewe umeshavaa wingu.

Kwenye kuhariri tulifanya jambo moja ambalo ningemshauri yeyote: tulibadilishana mafaili. Mtu analeta picha moja ambayo haijaguswa, kila mmoja anaihariri kivyake, kisha zote zinawekwa pamoja. Faili litumwe kama dokumenti, si kama picha, kwa sababu WhatsApp ikituma picha inaibana na unapokea kitu kilichopungua. Ila dokumenti linabeba na taarifa za mahali ilipopigwa kama simu yako inazihifadhi. Muuguzi wetu hupiga mlima akiwa uani kwake, na hapendi watu wajue uani kwake ni wapi, kwa hiyo huzima kipengele cha mahali kwenye kamera kabla ya kupiga. Nadhani kila mtu angefanya hivyo.

Picha tano za faili moja zilikuwa somo kuliko maneno yote. Kijana alikuwa amevuta rangi mpaka mpunga unang'aa kama kasuku. Mimi nilikuwa nimeshughulika na anga tu. Picha ya mama wa duka ilikuwa na rangi kidogo kuliko zote na ndiyo tuliyoitazama muda mrefu. Tukamuuliza, "Mama, umefanyaje?" Akasema, "Sikufanya mengi. Nimenyoosha, nimekata lile gunia, nimepunguza kijani, nimeacha."

Tuliiga mpangilio wake. Kwanza kunyoosha upeo, kisha kukata, kisha mwanga wa jumla, kisha sehemu moja moja, na rangi mwisho. Rangi ikitangulia utaibadilisha tena kila ukigusa mwanga. Wengi wetu tunatumia programu ya kuhariri ya Snapseed kwa kuwa ni ya bure, na humo kuna namna ya kuweka kidole mahali pamoja na kubadilisha pale tu. Tunaitumia sana kwa mashamba na kwa vichaka vya mbele. Kijani huwa tunakipunguza karibu kila mara, kwa sababu simu nyingi zinakikoleza zenyewe kabla hujaomba.

Tatizo la kudumu la picha za Kilimanjaro ni utusitusi. Kutoka mjini mpaka kileleni ni kama kilomita 30, na hewa yote hiyo inatawanya mwanga wa bluu na kubeba vumbi, kwa hiyo mlima unatoka umefifia na una ubluu. Dawa ipo: kuongeza weusi kidogo, kuongeza tofauti ya mwanga na kivuli kwenye mlima peke yake, kupunguza bluu kidogo. Lakini ni dawa ya kijiko, si ya kikombe. Ukizidisha, unatokea mstari mweupe kuzunguka ukingo wa mlima, kana kwamba kuna taa imefichwa nyuma yake, na anga linaanza kuonyesha mapande na chenga. Tukiona mstari huo hatuulizi zaidi. Tunaandika neno "ukingo" na mwenye picha anajua.

Mambo yalibadilika tena tulipoamua kusafisha picha kwenye karatasi. Tulimpelekea mzee mwenye studio mjini, mtu aliyeanza kazi enzi za filamu na chumba cha giza. Baada ya shikamoo na marahaba akazitazama zile A4 zetu akasema, "Wanangu, mbona mnapiga picha usiku?" Zote zilikuwa nyeusi. Kioo cha simu kinatoa mwanga chenyewe, karatasi inasubiri mwanga wa chumba. Na sisi tulikuwa tunahariri kioo kikiwa kimewekwa mwanga wa juu kabisa. Sasa tunashusha mwanga wa kioo hadi katikati kabla ya kuanza, na picha ya kusafisha tunaiongezea mwanga kidogo kuliko tunavyopenda. Ukubwa nao una hesabu yake: A4 kwa nukta 300 kwa inchi inataka pikseli 2,480 kwa 3,508, yaani karibu milioni 9. Simu ya megapikseli 12 inatosha, ila ukikata nusu ya picha umebaki na 6, na mtu akiisogelea ataanza kuona ulaini.

Nilimuuliza mzee kama kuhariri si udanganyifu, maana shemeji yangu huniambia hivyo kila nikimwonyesha picha. Akacheka. Akaeleza walivyokuwa wakiweka kiganja juu ya sehemu ya karatasi ili isipate mwanga mwingi, na kuacha sehemu nyingine ipate mwanga zaidi ili iwe nyeusi, yote gizani, kwa kuhesabu sekunde mdomoni. Mpiga picha Mmarekani Ansel Adams alipiga mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, mwaka 1941, na kwa miongo iliyofuata aliisafisha picha hiyo tena na tena, anga likizidi kuwa jeusi kadiri miaka ilivyokwenda. Shemeji hajakubali, lakini amepunguza kelele.

Pale ambapo hatujaelewana ni kuondoa vitu. Gunia mama alilikata kwa kupunguza picha. Hilo halina ubishi. Nguzo ya umeme je, iliyosimama katikati ya shamba na nyaya zake zikipita mbele ya Mawenzi? Simu sasa inaifuta kwa kidole kimoja. Mwaka 2012 mshindi wa shindano la picha za mandhari nchini Uingereza alinyang'anywa ushindi kwa sababu ya uhariri uliovuka kanuni, kwa hiyo anayefikiria mashindano asome masharti kwanza. Sisi hatushindani na mtu, na tulichokubaliana ni kwamba mwanga na rangi ni ruksa, lakini aliyeondoa kitu aandike chini yake kwamba amekiondoa. Mimi nisingeiondoa hata kidogo. Watu wa pale waliusubiri umeme, na nguzo ni sehemu ya mahali kama mpunga ulivyo. Muuguzi anasema mjadala wote ni wa wavivu: sogea hatua kumi kushoto, nguzo itatoka yenyewe.

Mwalimu, ambaye alikuwa fundi wa kufuta nguzo kuliko wote, juzi ameleta picha mpya kutoka Mabogini na nguzo ameiacha, tena mbele kabisa, akiomba tuipokee kama sehemu ya mandhari. Tukaandika, tukatuma kwa pamoja. Muuguzi alikuwa ameandika mstari mmoja: "Jicho langu limeanzia kwenye nguzo, na halijatoka."