Mtoto wa mwenzangu kalia, maziwa yangu yametoka

Leo nimerudi kazini, likizo ya uzazi imeisha. Mwanangu nimemwacha na bibi yake.

Jioni kwenye daladala, kiti cha nyuma yangu, kichanga kikaanza kulia. Kilio kile cha njaa.

Matiti yakasisimka, kama sindano ndogo ndogo zinachoma kwa ndani. Kufumba na kufumbua blauzi imelowa, nikajifunika mtandio.

Wala sikuwa nawaza kunyonyesha! Sikio limesikia, ubongo ukapokea, tezi ya pituitari ikamwaga homoni ya oksitosini kwenye damu, vifuko vya maziwa vikajikamua vyenyewe.

Mwili haukuuliza ni mtoto wa nani. Hapo ndipo machozi yaliponilengalenga.

Kina mama wenzangu, nanyi imewahi kuwatokea?