Gari la turbo liliacha kugonga nilipobadilisha petroli

Injini ilianza kugonga kila nikipanda mlima: mlio mkavu, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Nguvu nazo zikapungua. Nikabadilisha plagi, wapi! Ndipo nikasoma kibandiko kilichopo ndani ya kifuniko cha tangi: okteni 95 au zaidi, yaani kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili kugandamizwa bila kulipuka yenyewe. Mimi nilikuwa natia 91. Turbo, ile pampu inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini, hugandamiza hewa sana, na petroli ya okteni ndogo hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Kompyuta ya gari ikihisi hivyo huchelewesha cheche, nguvu zinapotea. Niliendesha taratibu hadi tangi likakaribia kuisha, nikajaza 95. Mlima uleule, kimya kabisa! Gari la mke wangu limeandikwa 91, nalo linabaki na 91 yake. Okteni ya ziada hailiongezei kitu.