Kusema na Mungu kwa Kiswahili

Ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba unafanya taamuli, papo hapo anakuona umekunja miguu, umefumba macho, kimya. Nami nilipoanza kusoma habari za Uyahudi nilikuwa nautafuta ukimya huo huo. Nilichokikuta ni maneno, tena mengi: Amida, sala kuu ya kusimama, mara tatu kwa siku, Shema, ungamo la imani, asubuhi na jioni, baraka kabla ya mkate na baada yake, yote kwa Kiebrania ninachokisoma kwa kujikokota.

Kisha nikakutana na mafundisho ya Rabi Nachman wa Breslov. Alizaliwa mwaka 1772 Medzhybizh, Ukraine ya leo, kitukuu cha Baal Shem Tov, mwanzilishi wa Uhasidi, vuguvugu la kiroho la Kiyahudi, na kifua kikuu kikamwondoa huko Uman mwaka 1810, hajafika hata miaka 40. Kila Rosh Hashana, mwaka mpya wa Kiyahudi, maelfu kwa maelfu humiminika kaburini kwake. Mambo ya kaburi tuyaache. Kilichoninasa ni zoezi lake, hitbodedut: ujitenge kila siku saa nzima, ikiwezekana usiku, mahali pasipopita watu, uzungumze na Mungu kwa lugha unayonunulia vitunguu. Kwa watu wake ilikuwa Kiyidi, lugha ya nyumbani ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Hapo hufuati kitabu. Unaeleza, unalalamika, unabembeleza, unadai. Ukikosa la kusema, mwambie hilo hilo la kukosa. Ukipata neno moja tu, lirudie.

Basi nikaenda msitu wa Karura, jioni. (Isaka naye alitoka kutafakari kondeni jioni, asema Mwanzo, na wenye hekima wa Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, wakaona hapo ndipo asili ya Mincha, sala ya alasiri.) Siku hizi anayeongea peke yake hamshangazi mtu; wapita njia hudhani una simu sikioni. Nikaanza kwa Kiswahili cha mimbarini, "Ewe Mwenyezi", wapi! Ulimi ulifunguka nilipofikia kodi ya nyumba, na dada yangu ambaye hatusemezani tangu matanga ya baba, na kwamba sina hakika kama kuna anayenisikia. Saa nzima hata hivyo ni ndefu mno. Mara nyingi naishiwa katikati, nabaki na "Mola wangu, Mola wangu".

Kama Kiswahili kinafaa, sijiulizi tena. Kule Nabugoye karibu na Mbale, Uganda, Abayudaya, jamii ya Kiyahudi iliyoanza mwaka 1919 kiongozi wa Kiganda Semei Kakungulu alipotahiriwa yeye na wanawe, huimba zaburi kwa Kiluganda, na imani yao ilivuka hata marufuku ya Idi Amin.

Rafiki yangu mmoja anashikilia kwamba huko msituni naongea na nafsi yangu tu. Huenda. Lakini nafsi yangu nimeisimulia ugomvi ule miaka na miaka, na kila mara mwenye makosa ni dada. Karura simulizi hiyo hainitoki mdomoni. Naona haya.